Mwaka Nilioua Miche ya Bibi

Mwezi uliopita nilirudi kwetu kufyeka kiwanja cha bibi. Unajua nyumba ikikaa bila mtu inavyokuwa: mchwa wamepanda ukutani, mlango umekataa kufunguka, majani yamefika dirishani. Nyuma ya jiko nilikuta bati moja kuukuu limeanguka chini, limekaa hapo sijui tangu lini. Nikalinyanyua. Chini yake nyasi zilikuwa zimeota, lakini hazikuwa na kijani hata kidogo. Zilikuwa nyeupe kwa unjano, ndefu, nyembamba, zimelala zote upande mmoja. Nikalirudisha bati palepale upesi, kama mtu aliyefungua mlango wa bafu akakuta mna mtu ndani.

Usinicheke. Mtu mzima kuogopa nyasi si jambo la kawaida, najua. Lakini mimi nyasi za rangi ile nina historia nazo, na kwa kuwa leo una muda wa kunisikiliza, nitakusimulia.

Ilikuwa katikati ya miaka ya tisini, nami nikiwa darasa la saba. Wakati huo mkoa wa Katavi ulikuwa haujazaliwa. Tulikuwa wilaya ya Mpanda, mkoa wa Rukwa, na Katavi kwetu lilikuwa jina la mbuga ya wanyama tu. Kijiji chetu kilikuwa upande wa Ugalla, si mbali na reli. Treni ilikuwa ndiyo saa yetu na ndiyo gazeti letu. Ikipita tulijua ni siku gani, na wanaoshuka walituletea habari za mjini, za kweli na za kutunga.

Nililelewa na bibi, mama yake baba. Mama yangu aliondoka nikiwa sijaota meno, akaolewa huko Usevya, na hilo halikuwahi kuwa neno la ugomvi nyumbani. Baba alikuwa mrina asali. Kiangazi chote alikuwa kambini porini na mizinga yake, na alipotoka alinukia moshi hadi kwenye kope. Kwa hiyo sehemu kubwa ya mwaka nyumba ilikuwa yangu na ya bibi. Aliniita mke mwenzake, kwa ule utani wa kwamba babu yangu, ambaye alikufa kabla sijazaliwa, alikuwa mume wetu sote. Nikichelewa kuamka alisema mlangoni, “Mke mwenzangu, leo ni zamu yako ya uji au ni yangu?” Ilikuwa zamu yangu siku zote.

Uji wenyewe ulikuwa wa mtama, na asali ya baba badala ya sukari. Mpaka leo sukari kwenye uji naiona ni kitu cha wagonjwa.

Shamba letu lilikuwa la mahindi na karanga za kula, na tumbaku ya kuuza. Kila kitu kilichotoka dukani, kuanzia daftari hadi sabuni, kilitoka kwenye tumbaku. Mwaka ule baba alipokuja kuchukua unga wa kurudi nao kambini, alikaa kwenye kigoda, akasema, “Ukifaulu, na tumbaku ikitoka vizuri, utakwenda sekondari. Kimoja kikikosekana, tutabaki wote hapa.” Hakusema kwa ukali. Ndivyo mambo yalivyokuwa. Katika shule yetu hakukuwa na msichana aliyewahi kuchaguliwa, na mimi nilitaka kuchaguliwa kuliko nilivyotaka kitu chochote duniani. Nilitaka kupanda ile treni nikiwa na sanduku la bati lenye jina langu.

Basi nilikuwa na vitu viwili vya kutunza, mtihani na tumbaku. Wahenga walisema mshika mbili moja humponyoka, lakini wahenga hawakuwa na ada ya kulipa.

Mtihani wenyewe ulinitisha kwa upande mmoja tu, Sayansi. Mwalimu wetu wa Sayansi alikuwa kijana, ametoka chuo mwaka uliotangulia, mwenye baiskeli moja, mashati mawili na fimbo nyingi. Alitukaririsha. Asubuhi mstarini, kabla hatujaingia darasani, tulisema kwa pamoja: “Usanisinuru ni kitendo cha mimea ya kijani kujitengenezea chakula chake yenyewe kwa kutumia maji, hewa ya kabonidayoksaidi na mwanga wa jua!” Ukiruka neno ulipigwa, fimbo moja kwa neno moja. Nilikuwa mzuri sana katika kukariri. Nilisema ile sentensi nikichota maji, nikitwanga, nikipukuchua mahindi. Bibi akadhani ni sala mpya iliyoletwa na wamisionari.

Siku moja mwalimu, sijui ni nini kilimpata, akatuuliza swali ambalo halikuwa daftarini. “Mmea unakula nini?” Mvulana wa nyuma akasema udongo. Mwingine akasema maji. Mimi, kinara wa kukariri, nikanyoosha mkono hadi nikasimama, nikajibu kwa uhakika wote, “Mwalimu, mmea unakula mbolea, ile ya mifuko.” Mwalimu akaweka fimbo chini, akakaa kwenye dawati la mbele kati ya wanafunzi, akashika kichwa. Akasema, “Nyie watoto, mtaniua.” Alisema taratibu, na nadhani hata leo sijawahi kuona mtu mzima aliyesikitika kiasi kile kwa ajili ya jani.

Sasa nikueleze kidogo habari za kitalu, maana bila hiyo hutanielewa. Mbegu ya tumbaku ni ndogo kama ugoro. Kijiko kimoja kinatosha kijiji. Huwezi kuipanda kwa vidole, kwa hiyo bibi aliichanganya na maji kwenye kopo la kumwagilia, akapita tuta lote akinyunyiza, na mbegu zikashuka na maji. Vitalu vyetu vilikuwa vinne, bondeni, karibu na kisima, kila kimoja kirefu kama nyumba. Kabla ya kumwaga mbegu tulichoma kuni juu ya matuta ili kuua magugu. Baada ya kumwaga tulifunika kwa nyasi kavu, na hapo ndipo ufundi ulipoanza. Nyasi zinazuia jua na ndege wakati mbegu inaota. Lakini ikishaota unaanza kuziondoa, kidogo kidogo, hadi mche uzoee jua lenyewe. Kijijini kwetu walikuwepo watu waliojua kufunika. Waliojua kufunua walikuwa wachache, na bibi alikuwa mmoja wao. Watu walimwita aje tu kutazama vitalu vyao na kuwaambia leo au kesho.

Mwaka ule, mbegu zikiwa hazijamaliza wiki ardhini, ikaja habari kwa treni kwamba shangazi yangu aliyeolewa Mpanda mjini anakaribia kujifungua na anamtaka mama yake. Bibi akafunga kifurushi: karanga, kibuyu cha asali, khanga mbili. Akanipeleka bondeni akanionyesha kwa mikono yake.

“Siku ukiona kijani chini ya nyasi, hesabu siku tano. Ya tano jioni, ondoa nusu. Usiguse asubuhi, ni jioni tu. Baada ya siku tatu ondoa nusu ya zilizobaki. Maji asubuhi na jioni. Umesikia, mke mwenzangu?”

Nikasema nimesikia. Na kweli nilikuwa nimesikia.

Usiku nililala kwa jirani, mwanamke wa Kirundi aliyeolewa kijijini kwetu akitokea makazi ya wakimbizi ya Katumba. Mumewe alikuwa kambi moja na baba. Alikuwa mrefu, mwenye sauti ya kuita ng'ombe mbali, na alipika gongo iliyosifiwa hadi stesheni. Gongo ilikuwa haramu, kila mtu alijua, na kila mtu alijua ni nyumba ipi. Mimi alinipenda. Alinipa maharage yenye mawese na akaniamsha mapema nikasome.

Kwa siku tatu za kwanza nilimwagilia kama nilivyoambiwa, asubuhi kabla ya shule na jioni baada ya shule. Ndoo kisimani, kopo, tuta, tena kisimani. Nilipomaliza giza lilikuwa linaingia na kalamu haishikiki. Mtihani ulikuwa umebaki wiki tatu. Siku ya nne nikapata akili. Tulifundishwa kwamba jua hukausha maji. Basi nikiongeza nyasi, maji hayatakauka, na nitamwagilia mara moja tu kwa siku! Nilifurahi kama niliyegundua mtambo. Nikakata nyasi kando ya bonde, nikatandika juu ya zile za bibi, vitalu vyote vinne, nene kama godoro. Na muda niliouokoa nilikaa juu ya jiwe palepale kando ya vitalu, nikafungua daftari, nikakariri kwa sauti kwamba mimea ya kijani hujitengenezea chakula chake kwa kutumia mwanga wa jua.

Naomba ulifikirie tena hilo, maana mimi nimelifikiria miaka yote hii na bado linanishangaza.

Kijani kilipochungulia nilikiona, nikahesabu siku tano. Siku ya tano nikainua nyasi pembeni nikaona miche ni mirefu. Mirefu kweli! Nikajisifu kwamba yangu inakua haraka kuliko ya bibi. Rangi ilikuwa hafifu, lakini nikasema moyoni ni uchanga, hata mtoto mchanga huwa na rangi hafifu. Nikaogopa kuondoa nyasi, kwa sababu ningelazimika kurudi kumwagilia mara mbili. Nikasema kesho. Kesho yake nikasema kesho.

Huku shuleni mwalimu alikuwa amebadilika. Fimbo ilibaki ofisini. Alikata vipande vya karatasi ngumu ya boksi, akawaomba wasichana vibanio vya nywele, akabana vile vipande juu na chini ya jani la mharage uliojiotea kando ya tangi la maji. Jani likawa limefungwa mkanda katikati. Akatukataza kuligusa siku tatu. Akaenda zahanati akapewa iodini kidogo kwenye kichupa cha dawa ya macho. Kilichokosekana kilikuwa spiriti ya kutoa ukijani kwenye jani. Zahanati walimnyima, walikuwa nayo kidogo ya vidonda. Mwalimu akaniita pembeni, akaangalia huku na huku, akaniuliza ninalala kwa nani siku hizi.

Jirani aliposikia mwalimu anataka gongo alicheka hadi akakaa chini. Akatoa ile ya kwanza kushuka, ile kali inayowaka moto ukiitia kiberiti, akaijaza kwenye chupa ya soda na kuiziba kwa gunzi. “Mwambie mwalimu hii si ya kunywa kabla ya kula,” akasema. Nilivuka kijiji na chupa ndani ya mfuko wa daftari. Kufika jioni habari ilikuwa imeenea kwamba mwalimu wa Sayansi ameanza kunywa, na kwamba ni masikitiko ya mapenzi.

Siku ya jaribio mwalimu alichemsha maji nje ya darasa, akalichovya jani hadi likalegea. Kisha akazima moto kabisa, akamimina gongo kwenye kikombe, akakiweka kikombe ndani ya lile sufuria la maji ya moto, na jani ndani ya kikombe. Harufu ikaingia ofisini. Mwalimu mkuu akatoka, akasimama mlangoni mikono nyuma, wala hakuondoka. Gongo ikaanza kugeuka kijani. Jani likabaki limepauka kama kabichi iliyochemshwa mno. Mwalimu akalisuuza, akalitandaza kwenye sahani nyeupe, akadondosha iodini.

Tulikuwa tumejazana hadi tunapumuliana masikioni. Jani likaanza kugeuka, bluu iliyoiva hadi nyeusi. Ila katikati, pale palipokuwa na mkanda wa karatasi, pakabaki rangi ya chai.

“Pale peusi kuna wanga,” mwalimu akasema. “Chakula. Jani limekitengeneza lenyewe kwa jua, hakuna aliyelipa. Na hapa katikati je? Maji lilikuwa nayo. Mbolea ilikuwa hapo chini. Udongo huo hapo. Mbona hakuna chakula?”

Mimi nilikuwa naangalia ule mkanda wa rangi ya chai, na badala ya jani nikaona matuta manne marefu bondeni, yamefungwa karatasi yote, si katikati tu. Nikasema, “Bibi!” Nilisema kwa sauti, darasa likacheka. Nikatoka mbio. Nilimpita mwalimu mkuu mlangoni bila hata shikamoo.

Ilikuwa saa sita kasoro, Septemba, jua letu lile ambalo mbwa hatoki kivulini. Nilifika bondeni nikaanza kung'oa nyasi kwa mikono yote miwili. Chini yake miche ilikuwa kama nywele za mzee, myeupe, imelala. Nikalia. Nikaisemesha, “Kuleni, kuleni!” Nilifunua kitalu cha kwanza chote, cha pili chote, cha tatu chote, nikitupa nyasi nyuma yangu. Nilidhani ninaiokoa. Nilikuwa nimeelewa sasa, unaona, nimeelewa kwa mara ya kwanza katika maisha yangu, na nilitaka ielewe nami upesi.

Nilikuwa nimeshika nyasi za kitalu cha nne nilipoguswa begani kwa nguvu. Alikuwa jirani, aliyekuwa akichota maji kisimani.

“Yewe, mwana! Unafanya nini?”

“Miche haijapata mwanga, mama! Haijala!”

“Na saa hii ndiyo unaipa yote? Unaianika kama mihogo!” Akaninyang'anya nyasi. “Angalia nyuma yako.”

Nikageuka. Kitalu cha kwanza kilikuwa kimeshaanza kukunjamana. Tulichota maji, tukarudisha nyasi, tukafanya kila kitu, lakini jioni vitalu vitatu vilikuwa vimekwisha. Ukiigusa miche ilikatika kama uzi ulioungua. Cha nne tulikiondolea nyasi nusu, jua likiwa linazama, kama nilivyokuwa nimeambiwa tangu mwanzo.

Kesho yake mwalimu alikuja na baiskeli. Nilijua nimetoka darasani bila ruhusa, nikajiandaa kwa fimbo. Hakunipiga. Alichuchumaa kando ya kitalu muda mrefu, akaokota mche mmoja mweupe uliokauka, akauweka kati ya kurasa za daftari lake, akaondoka. Siku iliyofuata aliupitisha darasani, dawati kwa dawati. Hakutaja jina langu, lakini nani asiyejua? Niliona aibu hiyo kuwa kubwa kuliko fimbo, na mpaka leo sijaamua kama nimemsamehe.

Bibi alirudi na treni siku ya tatu baada ya miche kufa. Nilimpokea stesheni nikabeba kifurushi. Njiani alinisimulia habari za mtoto, wa kiume, mkubwa, kichwa cha ukoo. Mimi nilikuwa natafuta mahali pa kuingiza neno langu na sipapati. Hatukufika hata nyumbani. Alikata kona kwenda bondeni na vumbi la safari miguuni.

Alivitazama vitatu. Akakitazama cha nne. Akakaa juu ya jiwe langu la kusomea, akasema, “Haya, niambie.”

Nikamwambia yote. Nyasi nilizoongeza, na kwa nini. Gongo, jani, mkanda wa rangi ya chai. Nilimwambia kwamba jani linapika, bibi, linapika chakula kwa jua, maji yanatoka chini na hewa inatoka juu, na jua ndilo moto. Alisikiliza bila kunikatiza, na nilipomaliza nilidhani sasa ndiyo natimuliwa.

“Linapika,” akasema. “Mimi nilijua linataka jua. Sikujua linapika.” Akafikiri. “Nimemwacha shangazi yako ndani na mtoto. Siku saba hatoki nje. Ya saba watamtoa, asubuhi, jua likiwa bado la mtoto. Hawamtoi saa sita. Si kwamba hawataki aone jua, mke mwenzangu. Hajalizoea.”

Kisha akasimama, akapangusa khanga, akasema kesho asubuhi nichukue tenga niende kuomba miche.

Hapo ndipo nilipolia kweli. Kwetu miche ya kitaluni haikuuzwa. Waliowahi kumwaga mbegu walikuwa tayari wanapunguza pale ilipobanana, na hiyo inayong'olewa ulipewa ukiomba, ukaihamishia kwako. Lakini kulikuwa na sharti. Anayeomba lazima aseme yake imekufa na nini, asifiche, ili mwenye kitalu ajue kama kuna ugonjwa unamfuata mlangoni. Anayedanganya hapewi tena hadi afe. Na bibi alikataa kwenda nami. Alisema aliyeua ndiye anayejua ilikufaje.

Nikaenda peke yangu. Nyumba ya kwanza nilisimama uani na tenga, nikaulizwa, “Yenu imekufa na nini?” Nikajibu kwa sentensi ya mstarini: usanisinuru ni kitendo cha mimea ya kijani. Mzee wa nyumba akamgeukia mkewe akamuuliza huyu anasema ni ugonjwa gani, na unaambukiza? Hawakunipa. Nyumba ya pili nikajaribu kwa maneno mengine, nikachanganya, nikapewa miche michache kwa huruma. Nyumba ya tatu nilisema kwa Kikonongo, lugha yetu ya nyumbani, maana mama mwenye nyumba hakuwa na Kiswahili kingi, na Kikonongo hakina neno usanisinuru, basi nikasema jani ni jiko. Akacheka, akaniuliza, na kuni? Nikasema jua. Na unga? Unga ni nini? Nikafikiri pale uani, kuku wakinizunguka, nikasema hakuna unga, mama, ndilo linalotengeneza unga wenyewe, kwa maji na hewa. Akaacha kucheka. Akaniuliza tena polepole, hewa hii? Hii tunayopumua? Nikasema hiyo tunayoitoa. Yule mama akajaza tenga robo nzima na kuniita ndani nile mihogo.

Kwa Msukuma mmoja aliyehamia na ng'ombe wake, nilieleza na yeye akanieleza kwa nini ng'ombe wake wanatafuta majani ya juani na kuacha ya kivulini. Mpaka nimezunguka kijiji chote, siku mbili, nilikuwa nimekiri kosa langu mara nyingi kiasi kwamba aibu ilikuwa imechoka. Lakini usanisinuru nilikuwa nao wote. Ungeniuliza kwa kuanzia nyuma ningekujibu.

Tuliihamishia miche kwenye matuta yaliyobaki wazi, tukaifunika kidogo, na safari hii nilifunua mimi, jioni kwa jioni, nusu kwa nusu, bibi akiwa amekaa kwenye jiwe anatafuna karanga. Nilimwagilia mara mbili. Nilisoma nikiwa nimechoka, kama watoto wote wa kijiji kile.

Mtihani ulipokuja swali la usanisinuru lilikuwa moja tu, fupi, na herufi nne za kuchagua. Nilicheka kidogo, msimamizi akaniangalia vibaya. Matokeo yalikuja mvua zikiwa zimekolea. Nilichaguliwa. Tumbaku ilitoka, si kama ya miaka mingine, lakini ilitoka. Baba alinunua sanduku la bati, na jirani, kwa mkono wake, akaandika jina langu kwa rangi ya bluu, herufi moja imegeuka nyuma mbele. Sikuirekebisha. Nilipanda treni.

Hayo yote hayapo sasa. Bonde limekauka, kisima ni shimo lenye mifuko ya plastiki. Msitu wa kuni za kukaushia tumbaku ulikwisha, na tumbaku ikaufuata. Mwalimu alihamishwa mwaka mmoja baada yangu, na sijawahi kujua yuko wapi. Ningependa kumwambia kwamba nafundisha Biolojia, na kwamba darasa langu la kwanza la kila mwaka huwa ni jani lenye mkanda, ila mimi natumia spiriti. Bibi alifariki mwaka juzi, akiwa mzee sana. Wiki zake za mwisho nilikuwa naye. Kila asubuhi alitaka nifungue dirisha, na kila asubuhi aliniambia, “Nusu kwanza.” Nilikuwa nafungua nusu, tunakaa, halafu ananipa ishara kwa kidole, nafungua lililobaki. Asubuhi ya mwisho niliifungua ile nusu, nikakaa, nikasubiri kidole.

Basi pale nyuma ya jiko, mwezi uliopita, baada ya kulirudisha bati nilikaa kidogo. Halafu nikatafuta tofali, nikainua bati upande mmoja, nikaliegemeza. Nyasi zikapata mwanga wa pembeni, nusu.

Jirani alikuwa amekuja kunisaidia kufyeka. Sasa hivi anatembea na fimbo, lakini sauti ni ileile. Alisimama akaniangalia, akaliangalia bati, akaangalia panga mkononi mwangu.

“Yewe, mwana. Hizo ni nyasi tu. Kesho si utazifyeka?”

“Kesho,” nikasema.

Hakunicheka. Aliegemea fimbo yake, tukasimama wote wawili kusubiri jioni, nifunue nusu iliyobaki.